Pua ya Kubeba Miwani

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, fundi saa anafunga mdomo. Hajanuna. Kwenye ncha ya kibano ameshika skrubu ndogo kuliko punje ya chumvi, na pumzi moja ya mdomo ingetosha kuipeperusha chini ya kabati.

Anavuta hewa kwa pua, taratibu. Anaitoa kwa pua. Miwani yake, yenye kioo cha kukuzia kilichobanwa upande wa kulia, imetulia juu ya mwamba wa pua kama mtu aliyekaa kwenye kiti chake mwenyewe.

"Umesikia?" anamuuliza mwandishi wa gazeti hili, bila kuinua kichwa.

Hakuna kilichosikika.

"Ndiyo hiyo. Pua nzima haina maneno."

Wateja wanamwita Bi Sekunde. Ana miaka arobaini na sita, watoto wawili walioanza kujitegemea, na mume ambaye kazi yake ni kupaka nyumba rangi. Ofisi yake iko chini ya ngazi za jengo la maduka. Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Mezani pana taa ya kupinda shingo na vichupa vya mafuta visivyozidi kifundo cha kidole. Chini ya kifua chake pana droo iliyovutwa nusu na kutandikwa kitambaa cheupe. Kazi ya droo hiyo ni kudaka vinavyoanguka.

Saa aliyoifungua leo ni ya mkunga wa zahanati ya jirani. Ni ya ufunguo, ya kubandika kifuani, uso wake hauzidi kifungo cha koti. Imelala hapa miaka miwili na miezi mitatu. Vipuri vyake vilikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni pua.

Kazi hii Bi Sekunde alifundishwa na mjomba wake, mtu wa maneno machache na sheria nyingi. Kabla mwanafunzi hajagusa saa, mjomba aliweka mezani kipande cha pamba, akamwamuru ainame juu yake kana kwamba anatengeneza. Pamba ikisogea, unapewa ufagio. Bi Sekunde alifagia wiki tatu.

"Alisema mikono kila mtu anayo," anakumbuka. "Fundi saa anajulikana kwa pumzi."

Pumzi yenyewe aliifanyia kazi kwa shida. Akiwa na miaka tisa alianguka kwenye ngazi, ukuta wa kati wa pua ukapinda, na tangu hapo tundu la kushoto likabaki la mapambo. Kwa miaka mingi alihemea la kulia na hakulalamika. Lakini umri ulivyosogea, mafua ya kawaida yalianza kumlaza siku tatu, na usiku alikoroma mpaka mumewe akahamia kwenye kochi. Miaka mitatu iliyopita akaenda kwa daktari kunyooshewa ule ukuta.

Hapo ndipo dada yake mkubwa anapoingia. Dada ana saluni ya kupamba maharusi, na kwa miaka ishirini amekuwa akitazama nyuso za watu kwa jicho la kusahihisha. Alimwambia mdogo wake kwamba maadamu atalazwa na kupewa dawa ya usingizi, basi amwombe daktari apunguze na ile nundu la juu ya mwamba. Daktari hakuona ubaya. Akamuuliza anataka pua ya namna gani.

"Nikamjibu, 'Nitengeneze vizuri,'" anasema Bi Sekunde, na kwa mara ya kwanza tangu mazungumzo yaanze anaweka kibano chini. "Mimi. Mimi ninayemuuliza kila mteja, unataka itembee au unataka ing'ae? Mtu akiniambia 'itengeneze vizuri', hatoki hapa mpaka aseme vizuri ni nini. Siku yangu ilipofika nikawa bubu."

Plasta ilipotolewa, dada alilia kwa furaha. Pua ilikuwa nyembamba, imenyooka kama iliyopigiwa rula. Maharusi kule saluni walioneshwa picha.

Furaha ilidumu kama miezi sita. Uvimbe ulipokwisha, kilichokuwa chini yake kikajitokeza. Katikati ya mwamba palikuwa pamebonyea. Gegedu, ule mfupa laini unaoishikilia pua isianguke, lilikuwa limepunguzwa kupita kiasi. Kila alipovuta hewa, mianzi ya pua ilijibana kama mfuko wa plastiki unaonyonywa. Alikwenda na tundu moja bovu, akarudi na mawili.

"Kilichokwanguliwa hakirudi," anasema. "Hata chuma ni hivyohivyo. Ukipiga tupa mara moja zaidi, umeshamaliza."

Kwa mtu mwingine, hiyo ingekuwa kero ya usiku na aibu ya kwenye kioo. Kwa fundi saa ilikuwa kazi inayotoroka. Miwani iliteleza mpaka ncha ya pua, akawa anaisukuma juu kila dakika. Akahemea mdomo, kioo cha kukuzia kikaingia ukungu. Asubuhi moja, akiwa peke yake, alitoa kipande cha pamba akakiweka mezani na kuinama. Kiliondoka mezani kabisa. Akachukua ufagio, akafagia ukumbi wote wa ngazi, ingawa mjomba alikuwa ameshazikwa zamani na hapakuwa na wa kumwamuru.

Baadaye aligundua kwamba akilivuta shavu kwa kidole kuelekea sikioni, hewa hupita. Kwa hiyo akafanya kazi kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa umeshika shavu. Ilipomchosha akatumia plasta ya kidonda, ncha moja shavuni, nyingine chini ya sikio. Wateja walimpa pole ya jino.

Zamani alikuwa akimaliza saa thelathini kwa wiki, kumi kati yake zikiwa ndogo za kina mama. Zikashuka mpaka kumi na mbili, nyingi za kubadilisha mkanda. Akaandika kwenye kadibodi na kuitundika mlangoni: SAA NDOGO HATUPOKEI KWA SASA. Wenye saa hizo akawaelekeza kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye mtaa mzima unamwita Betri, kwa kuwa ndiyo dawa yake ya kwanza hata kwa saa isiyotumia betri.

Saa ya mkunga ilikuwa imeshapokelewa kabla ya kadibodi. Siku alipokaribia kuimaliza, skrubu ya mwisho ikiwa kwenye kibano, Bi Sekunde alihema. Hakupiga chafya, hakukohoa. Alihema tu, kama watu wanavyohema, kwa mdomo. Skrubu ikaenda zake, na droo haikudaka kitu.

Aliitafuta siku mbili kwa sumaku na kwa brashi laini ya mumewe. Mume mwenyewe alilala kifudifudi na tochi. Haikuonekana. Kutafuta nyingine kwenye saa mfu haikuwa shida, anazo kopo zima. Shida ilikuwa kwamba hata hiyo nyingine angeipuliza.

Alimweleza mkunga ukweli, wote. Mkunga alisikiliza mkono kiunoni, akauliza kama Betri anaiweza. Akajibiwa kwamba haiwezi.

"Basi ikae hapahapa," mkunga alimwambia. "Mimi mtoto akigeuka vibaya tumboni simpeleki kwa seremala. Tafuta pua kwanza."

Akawa anaazima saa ya mlinzi wa zahanati kila alipotaka kuhesabu mapigo ya moyo.

Bi Sekunde alirudi kwa daktari wa kwanza. Hamtaji jina, na alipoulizwa kwa ajili ya gazeti hili alikataa papo hapo. Anachosema ni kwamba alikalishwa mbele ya kioo.

"Akaniambia, 'Mbona imenyooka?' Na kweli ilikuwa imenyooka, simsingizii. Yeye alikuwa anaitazama kama saa ya ukutani. Mimi nilikuwa nimeivaa."

Ndugu hawakukosa la kusema. Wapo waliomwambia kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Hakubishana nao. "Pole wasinipe," anasema. "Lakini mwiba lazima utoke."

Daktari wa pili alimpata kwa kuuliza, hospitali kubwa, foleni ya miezi miwili. Ni mwanamke wa makamo anayeongea polepole, na kazi yake kubwa ni kurekebisha pua zilizokwisha kufanyiwa upasuaji. Hakumpamba kwa maneno. Alimwambia kwamba mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu kovu limeshika kila mahali na mali iliyobaki ndani ni kidogo; kwamba itabidi akate gegedu la ubavuni kujengea mwamba; kwamba asubiri zaidi ya mwaka kovu lilainike; na kwamba hata baada ya hayo yote, wapo wanaotoka walivyoingia, na wachache hutoka wabaya zaidi.

Mumewe, aliyekuwa amekaa kiti cha pembeni, alitaka kuondoka. Bi Sekunde alijisikia yuko nyumbani.

Sababu yake ni rahisi. Hata yeye, saa inayomsumbua kuliko zote ni ile iliyopita mkononi mwa fundi mwingine. Vichwa vya skrubu vimeliwa, mafuta si yake, kipande kimoja kimepindwa kwa nguvu kikae. Saa ya namna hiyo huipokea kwa masharti, na mteja huambiwa mapema.

"Fundi anayesema 'hii itanisumbua' ndiye wa kumwachia saa yako," anasema. "Anayesema 'dakika tano tu', mnyang'anye mkononi."

Daktari akamuuliza swali lilelile la mara ya kwanza: unataka nini? Wengi humletea picha za watu wazuri. Bi Sekunde alivua miwani akaiweka mezani. Pembeni yake akaweka kipande cha pamba.

"Nikamwambia, nataka pua inayobeba hii na isiyosogeza hii. Ikitokea nzuri, hiyo ni nyongeza."

Daktari aliyaandika maneno hayo kwenye faili kama yalivyosemwa. Kisha akasimama, akamvuta shavu kwa kidole kimoja kama alivyosimuliwa, akamwambia ahemee pua juu ya meza. Pamba haikusogea.

"Mama," daktari akamwambia, "hicho unachokifanya kwa kidole, mimi nitakifanya kwa ubavu wako."

Nyumbani kulikuwa na kesi. Mume hakutaka akatwe tena. Alisema atachukua nyumba mbili za kupaka badala ya moja, watakula kilichopo, saa ndogo na ziende kwa Betri. Bi Sekunde alimwacha amalize, akamuuliza: yeye akikatwa kidole gumba, ataacha brashi aje kumshikia mkewe tochi? Mume alikitazama kidole gumba chake. Kisha akauliza tarehe ni lini.

Gharama ilikuwa sawa na mapato yake ya miezi saba. Aliidunduliza kwa zaidi ya mwaka, ule uleule aliotakiwa kusubiri. Hakusubiri mikono mitupu, anasema; alisubiri akiweka.

Asubuhi ya upasuaji dada alifika wa kwanza hospitalini. Tangu pua ibonyee alikuwa akikwepa kumtazama mdogo wake usoni, na mtu wa saluni akikwepa uso, ujue ana mzigo.

"Safari hii nimekuja, lakini sisemi kitu," alisema.

"Sema unachotaka, dada," mdogo wake alimjibu. "Ila usiseme na daktari."

Walicheka wote wawili, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Dada alikaa saa nne nje ya chumba cha upasuaji, mkoba wa mgonjwa mapajani, mkono mmoja ndani ya mkoba ukiwa umeshika kasha la miwani.

Alipoamka, ubavu ulimuuma kuliko pua. Mumewe alisimama kando ya kitanda akimtazama na plasta zake, akamwambia kwamba tangu dunia iumbwe anayetolewa ubavu ni mwanamume, sasa yeye kaona zamu hii ni yake. Alimwomba asimchekeshe, nyuzi zitakatika.

Kwa wiki sita alikatazwa kuegemeza miwani puani. Kwa fundi saa hiyo ni sawa na kifungo. Mume akachukua kofia yake ya kazini, yenye madoa ya rangi za nyumba za watu, akashona nyuzi mbili ukingoni na kuning'iniza miwani hapo. Wiki ya tatu Bi Sekunde alirudi chini ya ngazi akiwa hivyo, akatengeneza saa za ukutani. Wateja walisema anafanana na taa ya dari. Aliwajibu kwamba mradi inawaka.

Mwezi wa tatu, uvimbe ukiwa umepungua, alimwita mumewe awe shahidi. Akaweka pamba. Akainama.

"Nikangoja isogee," anasema. "Nikahesabu mpaka mia. Nikaona huu sasa ni utani."

Hakukurupuka. Alianza na saa zake mbovu za mazoezi, kisha akaingia kwenye kopo la saa ndogo kumi na moja ambazo wenyewe walikataa kuzihamisha. Moja baada ya nyingine. Ya mkunga aliiweka mwisho, kwa kuwa ndiyo iliyomshinda.

Leo ni mwezi wa kumi tangu upasuaji wa pili. Pua yenyewe si ile ya kwenye picha za saluni. Mwamba ni mnene kiasi, na ukimkazia macho utaona umeelekea kulia kidogo. Chini, katikati ya matundu mawili, pana kovu jembamba kama mstari wa kalamu. Dada anasema poda kidogo ingelifuta. Bi Sekunde hataki.

Kueleza jambo hilo, anageuza kifuniko cha nyuma cha saa ya mkunga na kukisogeza kwenye taa. Ndani yake, pasipoonwa na mvaaji, pamekwaruzwa alama ndogo na tarehe. Kila fundi anayefungua saa huacha yake, ili anayekuja ajue nani alipita na lini. Ya kwanza ni ya fundi asiyemjua. Ya pili ni yake, ya miaka kumi na moja iliyopita.

"Kazi isiyo na alama siiamini," anasema. "Daktari wangu ameweka yake. Kwa nini nimfutie?"

Saa nne kasorobo skrubu inaingia mahali pake. Bi Sekunde anaigusa kwa bisibisi, nusu mzunguko, anaacha. Anatia ufunguo mara nne. Gurudumu dogo la ndani linasita, kisha linaanza kucheza kwenda na kurudi. Anaisikiliza, sikio moja kisha la pili. Anakwaruza alama ya tatu, anafunga.

Mkunga anaingia saa tano, katikati ya zamu, sare yake ikiwa na doa la dawa. Haitazami saa. Anamtazama fundi usoni, kutoka mbele, kisha kutoka pembeni, kama anayepima tumbo.

"Imekwenda upande kidogo," anasema.

"Lakini inatembea," anajibu fundi.

Mkunga anaibandika saa kifuani, uso wake ukielekea juu ili aweze kuusoma. Halafu anaushika mkono wa Bi Sekunde, anaweka vidole viwili kwenye mshipa, anainamisha macho kwenye saa. Anahesabu dakika nzima. Mtu anapanda juu yao na viatu vizito, hawamjali.

"Sabini na nne," anasema mkunga. "Saa nzima, na mwenyewe mzima." Anaondoka, kuna mama anamsubiri kitandani.

Bi Sekunde anatungua kadibodi mlangoni, anaikunja mara mbili na kuitumbukiza kwenye pipa. Kisha anavuka barabara.

Betri anamwona akija, anainama chini ya meza na kutoa kopo la biskuti. Ndani mna saa ndogo kumi na tisa, zile zote alizoelekezewa, kila moja na karatasi yenye jina la mwenyewe. Hakuna hata moja iliyofunguliwa.

"Nilikuwa nakutunzia, dada," anasema Betri.

"Ulikuwa unanitunzia au ulikuwa unaziogopa?"

Betri anafikiri. "Vyote viwili."

Bi Sekunde amerudi nazo chini ya ngazi. Amezipanga zote kumi na tisa kwenye kitambaa cheupe, na anakadiria wiki tatu kuzimaliza. Baada ya hapo anataka kupanua meza iingie kiti cha pili, amfundishe mtu mzima mmoja mwenye subira. Pamba anayo. Ufagio pia.

Kabla ya hayo, kuna miadi. Mwezi wa kumi na mbili tangu upasuaji, daktari wa pili atampima kwa mara ya mwisho na kumpiga picha za kumbukumbu, mbele na pembeni, uso ukiwa mtupu, kama alivyopigwa siku ya kwanza. Utaratibu wa hospitali ni kwamba mgonjwa avue miwani.

"Nitavua, sina ubishi na utaratibu," anasema Bi Sekunde, huku akifunga mdomo nusu, maana kibano kimeshashika skrubu nyingine. "Lakini nitamwomba anipige na moja nikiwa nimeivaa. Aibandike kwenye faili, pale alipoandika maneno yangu."